Sheria ya Kujaza Chungu Mpaka Shingoni

Pale Matema, miaka miwili kabla Wajerumani na Waingereza hawajaanza kupigana, kulikuwa na mtumbwi mbovu uliolala kifudifudi nyuma ya kibanda cha Asajile, na wanaume wa ufukweni waliukalia kwa muda mrefu hata ukang'aa mgongo. Asajile aliwahi kumpikia fundi mwashi wa Kijerumani miaka mitatu, akarudi na mambo mawili: ufundi wa kuchemsha kahawa, na tabia ya kutoamini neno la mtu. Kahawa aliitoa bure, na uchokozi bure vilevile. Ijumaa hiyo habari ilikuwa moja tu. Boma lilikuwa limeagiza gulio la Jumamosi liwe na sheria yake iliyoandikwa. Watu wanne walikaa shuleni siku tatu wakaitunga, na kesho ingesomwa mbele ya mjumbe wa boma na kupigwa muhuri. Watatu kati yao walikuwa juu ya mtumbwi, wakinywa kahawa na kujisifu. Wa nne, mwalimu Ezra aliyeshika kalamu, alikuwa darasani.

Ipyana alikuwa mmoja wa hao watatu, ila yeye hakujisifu. Alikaa mwishoni kabisa, upande wa njia. Yeye alikuwa mvuvi na mkewe Damari mfinyanzi, na kila mtu wa mwambao ule anajua kwamba samaki huliwa ziwa likitaka, lakini mpunga wa mwaka mzima huletwa nyumbani na vyungu vya mama. Desturi ilikuwa nyepesi. Ukitaka chungu, unakijaza mpunga mpaka umwagike, unamwachia mwenyewe mpunga, unaondoka na chungu. Kuanzia kesho mambo yangebadilika: mpunga wote, hata wa kununulia vyungu, ungepimwa kwa chungu kimoja cha kipimo, kikijazwa mpaka shingoni, basi. Kutoka shingoni mpaka mdomoni ni vidole vinne tu, lakini vidole vinne kila Jumamosi ni njaa ya miezi miwili. Ipyana aliinua mkono kuikubali ibara hiyo. Damari alikuwa hajaambiwa, na moyo wa Ipyana ulikuwa mzito.

Asajile alimwaga kahawa, akaanza kazi yake.

— Nisaidieni mimi nisiyekuwemo. Ibara ya kwanza inasema mitumbwi yote ifikie mahali pamoja. Wapi?

— Penye kina kizuri, — akasema Zebedayo. Huyu alikuwa na mitumbwi sita, na watu walimwita Kasia.

— Yaani mbele ya nyumba yako.

— Ziwa sikulichimba mimi, ndugu yangu.

Walicheka. Asajile akamgeukia Eliud wa Busale, mwenye mashamba ya mpunga, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Ghala.

— Na hiyo ya shingoni?

Eliud alieleza kwa sauti ya kanisani kwamba mpunga wa kilele humwagika mchangani na kuliwa na kuku, kwamba yeye hakujifikiria hata kidogo, na kwamba walichokuwa wanaokoa ni chakula cha Mungu.

— Cha Mungu, — Asajile akaitikia, — ila kinalala kwako.

Eliud hakukasirika. Alikuwa na tumbo la mtu mwenye raha, nalo likatikisika. Asajile akasema wasione haya, maana hata wakubwa walifanya hivyohivyo. Fundi wake alitoka kusini mwa Ujerumani. Zamani kule wafalme walikuwa wengi, wakapatana wawe nchi moja yenye sheria kuu moja.

— Mfalme wa kwao fundi akasema, nakubali, ila kodi ya bia yangu msiiguse. Wakaandika. Mpaka leo imo.

— Bia? — Zebedayo akauliza. — Ndani ya sheria ya nchi?

— Bia. Na reli zake, na barua zake.

Hapo kijiwe kikawaka moto. Zebedayo akasema kama ni hivyo, basi mshona viatu naye alikuwemo, ndiyo maana Mzungu haendi peku hata akienda kuoga. Eliud akaongeza kwamba mwenye vifungo ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Yeye aliwahi kuhesabu vifungo vya koti la afisa, na nusu yake havikufunga kitu chochote. Asajile akamwongeza mwenye kengele, na mwenye wino, na mtu mmoja wa mihuri ambaye kwa maoni yake ndiye aliyekula kuliko wote. Kisha Eliud, kwa kunogewa, akapanda mpaka mlima Sinai. Alisema ile amri ya kutotamani ng'ombe wa jirani lazima ilitoka kwa mtu mwenye ng'ombe wengi.

— Ile ilitoka kwa Mungu, — Zebedayo akamkemea.

— Sasa ng'ombe wote si wake?

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata Ipyana alicheka, na kwa kucheka akasahau kujificha. Asajile akamwona.

— Na wewe, baba Tusekile? Ghala amepata shingo, Kasia amepata gati. Wewe ulipata nini?

— Kivuli, — Ipyana akasema polepole. — Wenye samaki wakae kivulini, waanze kuuza. Samaki huoza.

— Vyungu vya mkeo haviozi.

Eliud akamjibia kwa furaha, bila ubaya wowote, kwamba mambo yalikwenda vizuri sana: Ipyana alitaka kivuli, wao walitaka shingo, wakapeana mikono. Ipyana alitazama kikombe chake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kazi yoyote ya mbali.

Damari alitokea upande wa ziwa, udongo umemkaukia mpaka viwikoni. Habari alikuwa amezipata kwa wanawake wenzake. Aliwasalimu mmoja mmoja, akiwauliza hali za nyumbani bila haraka. Asajile akampa kahawa, naye akaipokea kwa mikono miwili, akasema ndaga, yaani ahsante.

— Nina swali moja tu, akina baba. Hicho chungu cha kipimo, anakifinyanga nani?

Zebedayo alitazama viganja vyake vya kasia. Siku tatu walizokaa shuleni walipanga gati, kivuli, faini na muhuri, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwambao mzima hakuna mwanamume anayejua kuinua chungu kutoka kwenye udongo.

— Tutatafuta kimoja, shemeji, — Eliud akasema.

— Kwa nani? Nimetoka kuzungumza nao wote. Wanasema wiki hii mikono inawauma.

Asajile alikuwa amegeuka ukutani, mabega yakimcheza.

— Mimi mikono haijaniuma, — Damari akaendelea kwa upole. — Naweza kuwafinyangia leo, kikauke nikichome. Ila mimi ndiye ninayeweka shingo. Naweza kuiweka chini. Naweza kuiweka juu kabisa, mpaka chungu kisiwe na mdomo. Sasa niambieni, mnataka niiweke wapi?

Eliud alimtazama Zebedayo, Zebedayo akamtazama Asajile, na Asajile alikuwa hoi kwa kucheka, machozi yakimtoka.

Ipyana ndiye aliyesimama. Moyo wake ulikuwa mwepesi ghafla, na hakujali nani anamwona.

— Kaa hapa pangu, mama Tusekile. Mimi namfuata mwalimu Ezra kabla hajafunga wino. Kivuli changu kifutwe, wapewe wenye vyungu.

— Na shingo? — Eliud akauliza, kwa sauti ndogo.

— Muulize aliyekaa, — akasema Ipyana, akashika njia ya shule akikimbia.