Sahani Tupu ya Gerishon

Mbele ya bakala moja, duka dogo la vyakula, pale Fereej Bin Mahmoud, mwaka ule mitaa ya Doha ilipokuwa ikichimbwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi, palikuwa na benchi la mbao lisilo na mwenyewe. Na kwa kuwa halikuwa na mwenyewe, kila Ijumaa lilikuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza ni Cornelius, mlinzi wa hoteli, aliyeitwa Hakimu kwa kupenda kukata mashauri yasiyoletwa kwake. Wa pili ni Tom, dereva, aliyeitwa Redio, na sababu haikuhitaji kuulizwa. Wa tatu ni Gerishon, mlinzi wa ghala, mtu mpole mwenye umbo la mlango, ambaye siku hiyo alikishika kikombe chake cha karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki, bila kukinywa. Ng'ambo ya barabara ulikuwapo mkahawa wa Kiiraki wenye meza moja ndefu, usio na orodha ya vyakula: Umm Thamir, mama wa nyumba, hupakua alichopika, na wageni wakiisha kula ndipo jamaa zake hula. Saa nane angefika Velma, muuguzi, ili Gerishon ampeleke mle kwa mara ya kwanza. Wiki nzima alikuwa ameisubiri saa hiyo, na sasa aliogopa kuingia.

— Hebu rudia, buda, alisema Hakimu. Ulimkosea nini yule mama?

— Sijui. Ijumaa nne nimekula pale. Nikimaliza sahani, anaongeza. Nikimaliza tena, anaongeza. Wali, bamia, kondoo, mkate. Ijumaa iliyopita naenda kunawa, nachungulia jikoni, naona mzee wake anakula mkate na achari. Nimekula chakula chao, Hakimu. Nitaingiaje leo, tena na mgeni?

— Hiyo ni posa. Chanda chema huvikwa pete. Anakutaka uwe mkwe.

— Ana watoto wanne, wote wanaume.

— Kuna wapwa. Mahakama haijafungwa.

— Hakimu, wewe hujui kitu, Redio akadakia. Gerishon, mara ya kwanza alikupa samaki, si ndiyo? Amepasuliwa mgongo, amefunuliwa kama kitabu, akachomwa?

— Ndiyo. Wanamwita masgufu.

— Haya. Samaki mkunje angali mbichi. Huyo hakukunjwa, alikunjuliwa. Maana yake wewe hufundishiki. Lilikuwa onyo, na wewe ukalila onyo mpaka kwenye miiba.

Gerishon alicheka bila kupenda, kisha akatazama saa. Zilibaki dakika kumi.

— Ama ni nadhiri, Redio akaendelea. Aliapa huko Basra atamlisha mgeni mmoja mpaka akatae. Wewe hukatai. Nadhiri haitimii, mzee anaendelea na achari.

— Wacha hizo, alisema Hakimu. Anakuweka dirishani kila wiki, ama sivyo? Watu wakipita wakaona jitu linatokwa na jasho juu ya wali, wanaingia. Wewe ni bango. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Na mimi ni kipi?

— Hukumu itasomwa baadaye.

— Mwisho wake ni mieleka, Redio akasema, akishusha sauti kama mtu atoaye siri ya dola. Wale wana wanne watakupeleka Baghdad ukapigane. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umepita ya nne. Jembe liko njiani, kwa ndege.

Hapo Velma akawasili, mkoba begani, akawaamkia. Alipoelezwa shauri lote, hakucheka. Alikuwa amemuuguza bibi mmoja wa Kiiraki, nyumbani kwa bibi huyo, miaka miwili.

— Ukimaliza kula, Gerishon, sahani yako hubaki na nini?

— Na nini tena? Haibaki kitu. Mimi nimelelewa.

— Kwa bibi yangu yule, sahani tupu ni mgeni mwenye njaa. Akiona nyeupe, hata chakula cha mumewe angekuletea. Wewe unamaliza kwa heshima, yeye anaongeza kwa heshima. Acha tonge moja tu, ataketi, na mzee wake atakula.

Gerishon alihisi kifua kikifunguka. Hakuwa mlafi mbele ya wale watu. Walikuwa wakishindana naye adabu tu.

— Haya, akasema Velma, akiwatazama mmoja mmoja. Nani hapa amewahi kuacha chakula kwenye sahani?

Redio akatikisa kichwa. Hakimu akachunguza kikombe chake. Gerishon akamkumbuka nyanya yake, na mwiko uliomchapa kila alipobakiza tonge.



Ng'ambo, Umm Thamir alikuwa amekwisha kumwona, akainua mkate dirishani kama bendera. Gerishon akainuka, akavuka barabara kando ya Velma, midomo ikijaribu kusema "nimeshiba" kwa Kiarabu.

— Gerishon, Hakimu akaita nyuma yake. Hilo tonge utakaloliacha, tufungie.