Shangazi Anatuachia Printa Zetu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, fundi mkuu wa kompyuta wa hospitali yetu atakabidhi funguo za ofisi yake ya chini ya ngazi na kustaafu rasmi. Sote tunamwita Shangazi. Jina hilo lilianzia mapokezi, ambako binti wa kaka yake aliajiriwa kwa muda akawa anamwita hivyo mbele ya wagonjwa. Binti aliondoka, undugu ukabaki. Leo hata mganga mkuu, anayemzidi umri, humwita Shangazi bila kuona haya.

Alianza kazi wakati hospitali ina kompyuta mbili, moja ya mhasibu na nyingine ya kufunikwa kitambaa. Zilipoongezeka, zikazeeka na kukaribia kutupwa, yeye ndiye aliyezisafisha moja moja na kuziwekea Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha hata kompyuta kuukuu. Wapo walionung'unika kwamba amewaletea mashine za ajabu. Haukupita muda wakawa wananung'unika akichelewa kufika kwao.

Hakumcheka mtu. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto alimwita aje kutazama printa "iliyokufa ghafla". Akakuta haijachomekwa ukutani. Aliichomeka, akasema, "Imefufuka, mpe pole," akaenda zake.

Asichokipenda ni haraka ya vidole. Akifika penye kompyuta yenye hitilafu, kila aliye jirani nayo aliamriwa aweke mikono magotini. Kisha aliyasoma maandishi ya kosa kwa sauti, kuanzia mstari wa juu kabisa, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya ndugu aliye mbali. Sisi tulizoea kutazama mstari wa mwisho tu. Yeye alisema kosa la mwisho ni mtoto, mtafuteni mzazi.

Utaratibu huo niliuona kwa karibu asubuhi moja miaka minne iliyopita, nikiwa zamu kwenye benki ya damu. Mama yangu mzazi alikuwa chumba cha upasuaji, akivuja damu kuliko walivyotarajia, na daktari ameagiza aongezewe upesi. Damu tulikuwa nayo, imeshapimwa na kulinganishwa na yake. Kilichokosekana ni lebo.

Kwetu mfuko wa damu hautoki bila lebo iliyochapwa, yenye jina, namba ya mgonjwa na kundi la damu. Kuandika kwa mkono hakuruhusiwi, maana wodini hakukosi majina yanayofanana. Siku ile wodi ya wanawake ilikuwa na mgonjwa mwingine mwenye majina sawa na ya mama, na kundi la damu tofauti.

Printa ya lebo ilikuwa imeanza kusumbua tulipofungua. Jirani yetu wa famasia, kwa moyo mwema kabisa, akaja na flashi yenye draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa. Printa yake na yetu zinafanana kama mapacha kwa rangi na umbo, lakini ndani kila moja ina lugha yake. Draiva ile iliiondoa yetu ya zamani, ikaingia nusu, ikakwama. Katika Linux programu huja kwa vifurushi vinavyotegemeana, na kimoja kikivunjika njiani, vingine hugoma pamoja nacho. Tukajaribu kuchapa, ikakataa. Tukajaribu tena na tena. Mtandao nao ulikuwa umekatika.

Muuguzi wa upasuaji alikuwa amesimama dirishani na boksi lake la kubebea damu.

"Jamani, mnanipa hamnipi? Nimeambiwa nisirudi mikono mitupu!"

Shangazi akaingia, hata miwani hajaivaa sawasawa. "Mikono magotini," alisema, na mkuu wa maabara naye akaketi. Akasoma. Kompyuta ilikuwa inapendekeza kujitengeneza yenyewe kwa kufuta vifurushi kadhaa, nayo ilisubiri ijibiwe ndiyo au hapana.

"Bonyeza ndiyo, Shangazi, tumechelewa!" alisema jirani wa famasia.

"Ngoja kwanza, baba. Umesoma inachotaka kufuta?"

Akaweka kidole kwenye kioo. Katikati ya vilivyotajwa ilikuwamo programu yenyewe ya maabara, ile inayotoa majina na makundi ya damu. Ndiyo moja tu, na tungebaki na printa nzima isiyo na cha kuchapa. Akajibu hapana.

Aliitaja draiva ngeni kwa jina lake, akaing'oa peke yake. Kisha akaviamuru vifurushi vilivyosimama njiani vimalize kujipanga. Vikapita kimoja baada ya kingine, nasi tumekodoa macho kama watu wanaohesabu watoto wakivuka barabara. Ikabaki kuipata draiva sahihi, na mtandao haupo. Shangazi akaingia kwenye ghala la ndani ya mashine, mahali Linux hubakiza nakala za vifurushi ilivyowahi kupakua.

"Kipo," alisema. "Bahati yenu hakuna mwenye bidii aliyefagia humu."

Akakisakinisha bila kosa. Muuguzi akanyoosha mkono dirishani, tayari. Shangazi akaichomoa kebo ya printa.

Tulidhani amechanganyikiwa.

"Tangu asubuhi mmebonyeza chapa mara ngapi?" aliuliza.

Foleni ya kuchapa ilikuwa imejaa lebo zilizokwama, na printa ikiamka ingezitema zote kwa mpangilio wake. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya yule mgonjwa mwingine mwenye majina ya mama. Mtu mwenye haraka angeona jina, akabandika, akakimbia.

"Shangazi, mgonjwa anakwisha!" muuguzi alisema.

"Najua, mwanangu. Lakini hasubiri damu tu. Anasubiri yake."

Akaifuta foleni yote, akahakikisha ni tupu, akachomeka kebo, ndipo akaniambia nichape. Ikatoka lebo moja. Akaisoma kwa sauti: jina, namba, kundi. Nikaisoma na mimi, nikaibandika kwenye mfuko wa damu. Muuguzi akaisoma wa tatu, akafunga boksi, akatimua mbio na viatu vyake vya mpira vikilia sakafuni.

Shangazi hakurudi ofisini. Aliketi nami kwenye benchi la korido, ameshika mkoba wangu kana kwamba ni wake, mpaka daktari alipotoka ameshusha barakoa na kutuambia mama amevuka.

Baada ya hapo printa hizo mbili zilivikwa utepe wa rangi tofauti, na kuifuta foleni kabla ya kuifufua printa kukawa kanuni katika kila idara. Mafundi wanaomrithi amewafundisha hivyo, na jirani wa famasia ndiye msimamizi wake mkali kuliko wote. Ukimkaribia na flashi anauliza imetoka kwa nani.

Mama alifariki mwezi Machi mwaka huu, nyumbani, usingizini, amegeukia ukutani kama alivyopenda kulala. Kabla ya hapo tulipata miaka minne. Katika miaka hiyo alinigombeza kuhusu chumvi, alijifunza kupiga simu ya video akawa anatuonyesha dari tu, na alimwona mjukuu wake akianza kutembea kwa kushikilia upindo wa gauni lake. Faili la utumishi la Shangazi halina mahali pa kuiandika miaka hiyo. Basi naiandika hapa.

Shangazi, asante. Nenda ukapumzike. Simu ikiita asubuhi usipokee, ni sisi. Tunakuombea afya, na miaka mingi ya kugombeza unaowapenda na kulala upande unaoutaka.