Cicily Ciakuthii Muthamia, Mwalimu Aliyeidai Serikali Siku

Nani kati yetu hapa amewahi kuidai serikali siku? Pesa tumeidai. Mbolea tumeidai, na lami pia, kila uchaguzi. Lakini siku yenyewe, ile ambayo mtoto alipaswa kuwa darasani na hakuwa, nani ameiendea ofisini akasema irudishwe? Mama tunayemzika leo aliiendea. Haya ndiyo maisha yake.

Mwalimu Cicily Ciakuthii Muthamia alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kibugu, Embu, mtoto wa tatu wa marehemu Bundi na marehemu Ciarunji. Boma lao lilipakana na msitu wa mlima, na asubuhi nyingi ukungu uliingia ndani kabla ya wageni. Chai ilipofika Kibugu alikuwa msichana mdogo, akafunzwa kuchuma majani mawili na chipukizi, kapu likiwa kubwa kuliko mgongo wake. Majirani walichuma kwa ngwatio: leo kundi zima liko kwa Bundi, kesho liko kwa jirani, na aliyekupa siku yake unamrudishia siku. Mtu akiugua, kundi lilimngoja apone aje kulipa. Hakuna aliyethubutu kutuma unga badala ya mikono.

Alianza masomo Kibugu mwaka 1959. Mwaka 1967 alijiunga na shule ya sekondari Kaaga, mjini Meru, ambako wasichana waliicheka lafudhi yake ya Kiembu hadi walipofungua sanduku lake. Mama yake alikuwa amemfungia mkebe wa chai iliyokaangwa nyumbani, jambo ambalo siku hizo wakulima walikatazwa. Matroni alipokuja kuuliza harufu ile inatoka wapi, bweni zima lilikuwa limeshakunywa ushahidi. Marafiki aliowapata jioni ile wamemwandikia na kumpigia simu mpaka mwaka huu, na wawili wao wameketi hapa mbele yetu. Kisha akaenda Egoji kusomea ualimu, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1972.

Januari 1973 alitumwa Shule ya Msingi ya Nturuba, chini ya Kiirua, na hakuwahi kuomba uhamisho. Alifundisha madarasa ya chini kwa kupenda. Alikuwa akisema kwamba darasa la nane linafundishwa na mtihani, lakini la tatu linafundishwa na mwalimu. Mwaka 1994 akawa mwalimu mkuu, akastaafu 2011, na kesho yake akarudi shuleni asubuhi kwa mazoea. Ilibidi mlinzi amkumbushe kwamba amestaafu. Alimjibu kuwa amekuja kuchukua mwavuli, akakaa hadi chakula cha mchana.

Wazee wa hapa wanaukumbuka zaidi mwaka 1984, mwaka wa njaa na mahindi ya manjano. Watoto walikuwa wametawanyika na wazazi wao kutafuta chakula, na madarasa yakabaki matupu kwa majuma mengi. Mvua iliporudi, Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi kwamba likizo hiyo hakuna kulala, watoto waje wasome yaliyowapita. Wazazi hawakuwa na cha kumpa. Akawaambia hadai kitu cha kupewa, anadai siku. Kwa hiyo yeye alifundisha watoto wao, nao wakaja kwa zamu kumlimia shamba. Mama Karambu, jirani na rafiki yake wa miaka yote, anasema viazi walivyomlimia mwaka ule vilikuwa vizuri kuliko vya Mwalimu mwenyewe, na kwamba Mwalimu hakuwahi kulikubali jambo hilo.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na marehemu Stanley Muthamia, mkulima wa Kiirua, mtu wa maneno machache na kofia moja. Mungu aliwajalia watoto watatu. Alikuja kwa mumewe na miche ya chai kutoka Kibugu, akaipanda nyuma ya nyumba, katika ardhi hii ambayo mvua yake hupita ikielekea kwingine. Mzee Muthamia aliitazama ikikauka mche kwa mche bila kusema neno. Ulipobaki mmoja alimwambia, “Mwalimu, huyu naye mwache arudi kwao.” Walicheka kisa hicho kwa miaka arobaini, hadi mzee alipotutangulia mwaka 2016.

Sasa nifike kwa jambo lililomshughulisha mwaka wake wa mwisho. Mimi Kailemia, mjukuu wake, niliombwa na familia nilieleze kwa upole. Nitajaribu.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 kisima cha shule ya Nturuba kilikauka, kisha pampu ikafa. Bila maji hakuna chakula cha shule, hakuna choo, na mwishowe hakuna shule. Watoto walirudishwa nyumbani Februari, na wengi hawakurudi darasani hadi muhula wa pili ulipokaribia katikati. Wenye uwezo waliwahamishia watoto wao shule za kulipia. Waliobaki ni wa wenzangu na mimi. Siku moja Cucu, yaani nyanya yangu, alimkalisha mtoto wa jirani, wa gredi ya tatu, barazani kwake, akampa kitabu. Mtoto alikitazama, akamwambia kwa adabu kwamba hicho walikuwa hawajakifikia. Kilikuwa kitabu cha gredi ya kwanza.

Kuanzia hapo hakutulia. Aliuliza, akaambiwa serikali ina akiba ya dharura, fedha zinazowekwa kando kwa ajili ya ukame na mafuriko. Akauliza tena: ukame ukila chakula, akiba inanunua chakula, ukila masomo, nani anayarudisha? Kanisani tulipendekeza harambee, naye akakataa. Alisema harambee ni ya kujenga kisichokuwepo. Siku hizi zilikuwepo na zikaliwa, na akiba ya kuzilipa ipo. Mimi nilitaka vijana tufunge barabara ya Nanyuki. Aliniuliza moto wa nyasi huwa unapika nini, nikauacha mpango.

Alikuwa mgonjwa tayari. Tangu 2021 moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ikivimba, na daktari alikuwa amemkataza safari na mikutano. Lakini Alhamisi tarehe 17 Julai kulikuwa na kikao cha maoni ya wananchi kuhusu akiba hiyo, kwenye uwanja wa kanisa. Alimpigia simu Bwana Kullow, mfanyabiashara wa Meru mjini ambaye lori lake la maji lilikuwa limetuhudumia wakati wote wa ukame. Bwana Kullow alimpandisha mbele, akamfunga mkanda, akaja naye polepole. Watu walipoliona lori likiingia uwanjani waliinuka na kukimbilia mitungi. Mlango ukafunguka, akashuka mwalimu mzee na fimbo yake. Akawaambia waketi, maji ni kesho.

Afisa aliyetumwa alikuwa kijana mstaarabu. Alieleza kwamba akiba ingetoa magunia ya mahindi na maharagwe kwa kila familia ya shule, na kitabu cha marudio kwa kila mtoto. Watu walipiga makofi. Siwalaumu, kulikuwa na njaa. Mwalimu aliomba nafasi ya kusema, akamshukuru kwa mahindi, akaomba akiba iwarudishie watoto siku zao wakati wa likizo, kisha akawageukia watu wake.

“Mtu amekulimia siku yake nzima. Zamu yake imefika, wewe unamtumia debe la viazi. Utamwangalia usoni namna gani?”

Nyuma mzee mmoja alinong’ona kwamba inategemea viazi, akatazamwa vibaya na mkewe.

Afisa alimjibu kwa heshima kwamba masomo ya likizo yamekatazwa na yeye hawezi kuyaruhusu.

“Mwanangu, yaliyokatazwa ni kuuza siku za ziada,” alisema. “Mimi sijaja kununua. Nadai zile za hawa watoto. Siku hulipwa kwa siku.”

Afisa aliuliza nani atafundisha, kwani walimu nao wana haki ya kupumzika. Hapo Mwalimu hakumtupia mtu lawama. Alisema ndiyo, wana haki, na ndiyo maana akiba ilipe walimu wengine wa muda, maji na chakula cha mchana, ili asiwepo wa kufanyishwa kazi ya bure. Kuna walimu vijana wangapi, aliuliza, waliohitimu na wamekaa nyumbani wakifuga kuku? Watatu waliinua mikono palepale. Mmoja wao alikuwa amewahi kufundishwa naye, na alipoinua mkono alisimama wima kama yuko darasa la tatu.

Mama Karambu naye alisimama akasema mahindi yake apewe nusu, na nusu ya pili iwe siku. Wazee kwa vijana, mkutano mzima ukaunga mkono. Ndivyo ombi lilivyoondoka Kiirua.

Lilizunguka. Kila wiki Cucu aliuliza limefika wapi. Mwishoni mwa Septemba jibu lilikuja: akiba ingegharimia masomo ya Nturuba katika likizo ya Novemba na Desemba. Si siku zote. Zilizokubaliwa zilikuwa kama nusu. Sisi tulishangilia. Yeye alitabasamu akasema, “Nusu ni nusu. Msije mkasema imelipwa.” Nawaachia neno hilo, ninyi mliopo na wale waliotuma wawakilishi: haijalipwa.

Oktoba alilazwa hospitalini mjini Meru. Aliwashukuru wauguzi, akaomba arudi nyumbani. Jumapili tarehe 2 Novemba, jioni, binti yake Nkirote akiwa ameushika mkono wake, aliuliza kama lori la Bwana Kullow limefika shuleni. Nkirote akamwambia matangi yamejaa. Mwalimu akasema, “Basi,” akafumba macho. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Marehemu ameacha watoto wake Kinyua, Nkirote na Alice, wakwe zake Gladwell na Abel, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada yake wa Kibugu, na rafiki yake Mama Karambu. Ameacha pia watu wa Kiirua waliofundishwa kusoma kwa kidole chake, wakiwemo baadhi ya wajukuu wa waliokuwa wanafunzi wake wa kwanza. Alale salama, Mwalimu wetu, na Mungu aliyempa siku zake azipokee zote.

Kabla hatujaimba, niseme nilichoona asubuhi iliyofuata kifo chake.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya masomo yaliyorudishwa. Nilitumwa shuleni kupeleka habari, nikakuta zimenitangulia. Akina mama walikuwa langoni na leso za maombolezo, wameanza wimbo. Watoto walikuwa wamepangwa uwanjani na mifuko mgongoni. Mwalimu mkuu alinishika mkono, akaniambia ameamua kuwarudisha nyumbani kwa heshima ya marehemu, kama ilivyo desturi. Machozi yalikuwa yakimtoka. Ni mtu mwema, na desturi ni yetu sote. Nami, nakiri, nilikuwa karibu kumshukuru.

Mama Karambu aliuacha wimbo katikati.

“Mkiwarudisha leo,” alisema, “mnataka nani aende kuidai hii?”

Mwalimu mkuu alijifuta uso, akawapungia watoto mkono waingie. Wimbo ukaishia hapo. Akina mama wakatazamana, kisha mmoja akafunga leso yake kiunoni akaelekea jikoni, na wengine wakamfuata kumenya viazi.

Nilisimama nje ya dirisha la gredi ya tatu. Mwalimu wa muda, mmoja wa wale watatu wa kuku, alichukua chaki akaandika ubaoni: Jumatatu, 3 Novemba 2025. Chini yake akaandika: Inarudisha Jumanne, 4 Februari 2025.

Msichana wa dawati la mbele, jina lake Hamda, aliinua mkono akauliza waandike tarehe gani kwenye daftari.

“Zote mbili,” mwalimu akasema. “Ya leo juu. Ile yenu chini.”

Wakainama, wakaanza kuandika.