Miguu ya Cherehani

Kwanza nilisikia pedeli ya cherehani ikigonga, kwa mwendo ule wa Ramadhani za zamani. Nilipogeuka, pale pale kwenye pantoni ya Kigamboni, nikamwona mzee anaikanyaga cherehani yake ya miguu bila uzi wala kitambaa.

"Shikamoo, baba," alisema dada mmoja mwenye mfuko wa nguo mapajani. "Unamshonea nani, upepo?"

"Marahaba. Upepo hauendi Manzese kununua mitumba, mwanangu. Idi keshokutwa, mtoto umemshonea nini?"

Dada akatoa kigauni cha pinki. "Kimetoka Ulaya hiki."

Mzee akakipindua, akavuta mshono wa bega. "Basi hata Ulaya kuna mafundi vipofu."

Watu wakacheka. Mie nilicheka kidogo, maana jinzi yangu nayo ilitangulia kuvaliwa na mzungu.

"Tandika nzima," mzee akasema, "asiyeshonewa na mimi Mbwana alionaga aibu kwenda kuswali Idi. Mwaka huu hajaja hata mmoja."

"Sasa unaipeleka wapi?"

"Kwa bwana mmoja huko ng'ambo. Kichwa cha cherehani hakitaki. Anataka hii miguu ya chuma apigilie ubao, apange mitumba."

Pantoni ikagusa gati, mzee akaanza kuiburura cherehani. Dada hakuuliza mzee anashonea Tandika mtaa gani. Alikikunja kigauni chake vizuri, akakirudisha mfukoni, kisha akapaza sauti: "Usiiuze, baba! Idi kubwa nakuletea kitambaa, wallahi nakuahidi!"