Nianze Kumpaka Lini?

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa mninga juu ya matofali, mbele ya saluni moja pale Ilembo, na mwenye kijiwe alikuwa Gaudensia, mama wa Kipimbwe aliyeuza kahawa na kashata kila jioni. Wateja wake wa kudumu walikuwa watatu: Zablon, dereva wa watalii, aliyeitwa Kiboko, Libérat, mpiga picha za harusi, aliyeitwa Flashi, na Kashinje, mchuuzi wa ng'ombe, ambaye jina lake la pale lilikuwa Mnada. Siku hiyo Gaudensia alimimina kahawa bila kuinua macho. Harusi ya binti yake Agatha ilikuwa imebakiza wiki tatu, na binti alikuwa na miezi miwili amefungiwa ndani asipigwe na jua, akipakwa mkorogo wa kung'arisha ngozi asubuhi na jioni. Kijiweni hakuna aliyejua.

Aliyeanza ni Kiboko.

— Nyie, leo nimebeba wazungu hifadhini. Nawaonyesha tembo, wao wamejivua mashati wanajianika juu ya gari kama dagaa. Eti wanatafuta rangi!

— Rangi gani? — akauliza Mnada.

— Hii yetu! Yule mama anasema akirudi kwao mweupe vilevile, wenzake watamwona hana hela ya kusafiri.

— Acha fiksi, Kiboko.

— Haki ya Mungu!

Mnada akatikisa kichwa.

— Basi hao wamechanganyikiwa. Kwetu Usukumani mwanamke mweupe anaongeza ng'ombe. Bibi yangu alikuwa mweusi, babu akamchukua kwa ng'ombe wanne, akamsimanga mpaka anakufa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Sasa hapo mgeni anaingiaje?

— Weupe si ndio mgeni?

— Sikieni mtaalamu, — Flashi akadakia. — Kosa ni la kamera. Kamera imetengenezwa na watu weupe. Ikimwona bibi harusi mweusi inashtuka, inatoa meno na shela tu. Ndiyo maana mimi namwongezea mwanga kidogo kidogo mpaka mama yake mzazi anauliza huyu nani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hamjui kitu nyie! — Kiboko akasimama kabisa. — Ule weupe wazungu wanaouacha juani, unaenda wapi? Unakusanywa, unachujwa, unatiwa kwenye makopo, tunauziwa sisi sokoni. Usione vyaelea, vimeundwa!

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Gaudensia hakucheka. Kopo la mkorogo alilinunua mwenyewe, siku ileile dada wa bwana harusi alipokuja kutoka Kabungu akasema mbele ya kamati nzima kuwa bibi harusi ni mzuri, ila amezima taa. Agatha alitabasamu tu. Neno lilimchoma mama.

Ghafla kicheko kikakatika. Agatha mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao, khanga kichwani. Akaishusha. Mashavu yalikuwa yamebabuka, mekundu, ngozi ikitoka vipande vipande, na kwenye viungo vya vidole weusi ulikuwa umegoma kutoka.

— Shikamooni.

— Marahaba, — wakajibu kwa sauti ya chini.

— Mama, naomba kuuliza, na baba zangu hawa wanisikie. Mungu akinijalia mtoto, atatoka na rangi niliyozaliwa nayo, siyo hii ya kopo. Nianze kumpaka akiwa na miezi mingapi?

Wote watatu wakamkodolea macho. Gaudensia alihisi swali lile limekuja kukaa mapajani kwake, na hakuna wa kumtua.

— Msimwangalie yeye, — akasema. — Niangalieni mimi. Mimi ndiye niliyenunua.

Akafunika birika, akajifunga kitenge upya.

— Twende hospitali, mwanangu. Na kesho nakwenda Kabungu. Nitawaambia mtoto wangu ni mweusi, na huyo mweusi ndiye mliyemchumbia. Asiyemtaka aseme sasa, asingoje mpaka mbele ya padri.

— Na wakikataa, mama Agatha? — Flashi akauliza.

— Watakuwa wamekataa. Hatakufa.

Hospitali waliambiwa aache mkorogo kabisa, wakapewa dawa, na wakaelezwa kwamba mabaka yatachukua miezi kutoka. Kesho yake Agatha akakataa kubaki nyumbani. Wakapanda pikipiki wawili mpaka Kabungu. Gaudensia aliyasema yote mbele ya wakwe kama alivyoyapanga, bila kukaa. Wifi akageukia ukutani. Wazee wakakohoa.

Alex, bwana harusi, hakuwa amemwona mchumba wake tangu afungiwe ndani. Alimsogelea, akautazama uso ule.

— Unauma?

Gaudensia akainamisha kichwa. Miezi miwili yote, yeye hakuwahi kuuliza hilo.

— Unauma, — Agatha akajibu. — Lakini tarehe haibadiliki.

Haikubadilika.