Lenta ya Bushiri

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia Tukuyu kwa kishindo. Saruji ikaanza kuuzwa dukani karibu na chumvi, mitumba ikamwagwa kila gulio, na kila mtu akawa na maoni. Maoni mengi yaliishia kwenye kijiwe cha kahawa cha Bushiri, kona ya kwenda Mpuguso, mbele ya kiwanja chake mwenyewe. Nyuma ya kijiwe zilisimama kuta za nyumba yake, za tofali za kuchoma, zimefika juu ya madirisha zikakoma. Miezi minane sasa. Fundi wa nyumba hiyo ni Ezron, waliyembandika jina la Pimamaji kwa sababu hakuachana na kile kifaa chake cha kupimia usawa hata kanisani. Asubuhi hiyo alikuwa kijiweni, pimamaji mapajani, kikombe mkononi, na roho haikuwa na raha hata kidogo, kisa yule dada.

Dada mwenyewe aliitwa Jenifer, ametoka chuo kikuu Dar es Salaam na bunda la karatasi na viatu vya mvua vipya. Anasomea shahada ya uzamivu ya usimamizi wa ujenzi, na jambo analolitafuta ni moja tu: kwa nini majengo yanachelewa kwisha. Alipouliza mjini, watu wote walimwelekeza kwa Bushiri. Ezron aliichungulia karatasi yake kichwa chini miguu juu, akasoma: Chanzo cha kuchelewa. Namba moja, fundi.

Hicho ni kitabu, na kitabu kikishaandikwa kimeandikwa. Wajukuu zake watakwenda kusoma Dar, wafungue kabati, wamkute babu yao: Ezron wa Tukuyu, mchelewaji.

— Dada'ngu, akaanza mapema, hapo namba moja ungeweka mvua. Utafiti gani huo unaanza na mtu?

— Mvula! akadakia Mzee Ambindwile, mkulima wa migomba wa Lufingo, ambaye hushuka mjini kila siku kuuza ndizi na kubaki kuuza maneno. Huku mvula haina likizo, gwe. Inanyesha, inapumzika kidogo kuvuta pumzi, inanyesha tena.

Jenifer akaandika.

— Shikamoo mzee. Lakini majirani wamejenga mvua hiyohiyo, wakahamia.

— Marahaba, mwanangu. Hao mvula yao ilikuwa nyembamba.

Hapo Meshaki akakohoa. Kijiwe kizima kilikusanyika kwa ajili yake, maana bila yeye kungekuwa na kimya. Jina lake la hapo ni Waziri, ingawa uongozi pekee aliowahi kupata ni ukiranja wa shule ya msingi.

— Tatizo ni saruji, akasema Waziri. Zamani mfuko mmoja ulikuwa na kibali, na muhuri, na ofisi tatu. Ukishaupata, hata wenyewe unajua umetafutwa! Unashika ukuta kwa heshima. Sasa inauzwa kama karanga. Itashikaje? Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki wameingiaje? akauliza Jenifer.

— Ndiyo hapo sasa, akajibu Waziri.

Ezron aliona kalamu ya dada inasita, akaogopa itarudi namba moja. Akanyanyua pimamaji.

— Waziri anasema la juujuu. Mimi nasema la kitaalamu. Unaona hiki kiputo? Kiputo kinatakiwa kikae katikati. Lakini Mlima Rungwe unakua! Kila usiku unajinyoosha kidogo. Jioni nikiacha ukuta umenyooka, asubuhi kiputo kimekimbilia upande wa Ziwa Ngozi. Nikijenga nitakuwa namdanganya mteja.

— Umeupima huo mlima?

— Dada, mlima haupimwi. Unaheshimiwa.

— Kweli kabisa, akasema Mzee Ambindwile. Na nyumba nayo ina wivu. Hii imesikia Naima anakuja, imenuna.

Naima ni mchumba wa Bushiri, binti wa Kyela. Kwao wamesema hatoki mpaka bati lipande, na mjomba wake anakuja mwezi ujao kulitazama hilo bati kwa macho yake. Bushiri alimimina kahawa, akamtazama Ezron, na Ezron akatazama kiputo.

— Hamjanielewa, akasema Waziri, sasa amesimama nusu na kukaa tena. Zamani nyumba iliamriwa. Kuna mpango, kuna kamati, inamalizika inataka haitaki. Leo ni huria! Nyumba nayo ina hiari yake. Ikijisikia inakwisha, isipojisikia inabaki hivi. Ndiyo maana wakasema, aliye juu mngoje chini. Tutapauaje? Tunangoja!

Wote wakapiga makofi. Hata Ezron alipiga, kwa matumaini makubwa, maana kama kosa ni la nyumba, basi fundi yuko salama. Jenifer akageuza ukurasa.

— Haya. Kazi imesimamia wapi hasa?

— Kwenye lenta, akasema Ezron. Ule mkanda wa zege juu ya madirisha, unaofunga kuta zote.

— Nondo zipo?

— Zipo, akajibu Bushiri. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema asubuhi hiyo.

— Saruji na kokoto?

— Zipo ndani.

— Na mbao za kushikilia hilo zege?

— Zipo. Mbao nne nzuri, za paina.

— Ziko wapi?

Bushiri akaelekeza kwa mdomo wa birika.

— Wamezikalia.

Watu watatu wakatazama katikati ya magoti yao. Siku mbao zilipoletwa ilikuwa inanyesha, na Ezron, fundi anayejua kazi, hakukubali mbao iguse tope. Alipanga tofali, akazilaza juu vizuri, akazipima kwa pimamaji mpaka kiputo kikatulia katikati. Waziri akakaa kungoja mvua ipite. Mzee Ambindwile akamfuata. Bushiri, kwa ukarimu wake, akaleta kahawa.

— Sasa nizitoe vipi? Ezron akajitetea, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nikitoa mbao, hakuna pa kukaa. Pasipokaliwa, kahawa hainywewi. Kahawa isiponywewa, Bushiri atanunua bati kwa hela gani?

— Kumbe tunamjengea kwa kukaa! akasema Waziri, ameguswa sana na wema wake. Na siku tunayotoka mapema tunamchelewesha.

Jenifer alichora duara kwenye karatasi, akaweka benchi, kahawa, bati, lenta, na mshale unaorudi kwenye benchi. Akaitazama kwa muda mrefu.

— Mwaka wa tano nasoma, akasema taratibu. Nilipaswa kumaliza kwa mitatu.

— Pole, mwanangu, akasema Mzee Ambindwile. Na wewe umekalia nini?

Jenifer alicheka mpaka karatasi zikamponyoka. Akaziokota, akauliza, si kwa ajili ya kitabu, kwa udadisi tu:

— Kwani kahawa hainyweki mtu akiwa amesimama?

Mzee Ambindwile alichungulia ndani ya kikombe chake. Waziri alifungua mdomo atoe methali, na kwa mara ya kwanza tangu soko huria liingie, haikutoka. Bushiri hakumtazama mwingine ila Ezron, wala hakumtazama kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

— Mjomba wa Naima anakuja mwezi ujao, Ezron.

Ezron aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Akasimama. Mbao zikainuka upande wake, Waziri na Mzee Ambindwile wakateleza wakakumbatiana ili wasifike chini. Ezron akanyoosha kikombe bila neno, Bushiri akakijaza, naye akanywa palepale, miguu yake miwili chini, watu wote wakimtazama kooni.

— Ehe? akauliza Waziri kutoka kifuani kwa mzee. Ikoje?

Ezron akameza. Ilikuwa tamu vilevile.