Tobo Kwenye Gita la Luhaga

Sikilizeni wanangu, nawe Shida zima hiyo redio, leo redio ni mimi Mashimba, na betri imebaki kidogo. Luhaga, sogea. Sogea kabisa, siumi, meno yenyewe yamebaki matatu.

Ng'ombe na shamba la Zagayu mgawane bila kutoana macho. Lililobaki ni gita.

Niliacha shule darasa la nne nikijigamba kwamba nimemaliza akili za mwalimu, na kutoka Bariadi hadi Nassa hapakuwa na gita la mninga lililolia kama langu. Ndipo huyu Luhaga, aliyejifunza ziwani kuunda mitumbwi kwa kitambaa na gundi, akaniundia gita jeusi la kitambaa cha kaboni, jepesi kama kibuyu kikavu. Nikamcheka mbele za watu: "Ng'wanawane, mwanangu, hili gita au ndoo?" Akajibu, "Baba, lipige kwanza." Mvua ikavimbisha mninga wangu siku mbili kabla ya mbina, shindano letu la ngoma na wagalu, wale wapinzani wetu, nikalichukua lake nikinung'unika. Likalia, wanangu, likalia hadi nikaona wivu.

Lakini nani huingia mbinani bila dawa? La mninga nililitoboa tangu ujana nikashindilia dawa ya mganga. Basi nikachoma msumari motoni, nikalitoboa na lile jeusi, pale nyuzi zinapofungwa. Gundi ikaungua, tabaka zikaachana, nami nikaziba kwa nta nikijiona fundi. Wimbo wa pili, mbele ya umati, kifua cha gita kikapasuka. Wagalu wakaangua kicheko. Nikanyoosha kidole: "Kazi ya Luhaga hiyo!"

Luhaga, tangu siku ile hakuna aliyekuagiza gita tena. Miaka sita umechunga ng'ombe wangu, nami kila jioni nakuona unarudi, nanyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimekitangulia kilio. Nisamehe, baba.

Kalibu lako la kuundia magita, ulilosema lichomwe, sikulichoma. Liko ghalani, chini ya magunia ya pamba, pamoja na lile gita lililopasuka. Shida, siku ya matanga simama useme, wagalu wakisikia: baba ndiye aliyetoboa. Wakicheka, waacheni, kicheko hicho kilikuwa changu.

Mungu awape mvua... na mikono isiyochoka. Luhaga, lizibe lile tobo... Usinipigie polepole kama mgonjwa... Hapana, Shida, maji baadaye. Kalete gita.